Droni ya Elfu Tisini

Hunyari, Bunda
2 Februari 2025

Mdogo wangu Jofrey,

Usishtuke kupata barua, hakuna msiba. Sijakupigia kwa sababu simu ya nyumba hii ni moja na inakaa kwenye mfuko wa shati la shemeji yako, na jambo hili sitaki alisikie kwa sasa. Barua nimempa Bernado, konda wa basi la asubuhi. Majibu mpe yeye mwenyewe.

Nataka kununua droni.

Cheka umalize, halafu uendelee kusoma. Kikundi chetu cha kulinda mashamba kinaletewa droni kubwa na wafadhili, vibali vimeshatoka. Wanasema tembo akisikia mlio wake anadhani ni nyuki, anageuza. Wanatafuta mtu mmoja wa hapa kijijini wa kuirusha. Mtihani ni tarehe 17 Mei, Bunda mjini, na aendaye aende anajua kurusha. Wao hawana muda wa kufundisha kuanzia a e i o u. Tumejiandikisha watu watatu. Mimi nimeandika jina la kwetu, N. Makongoro, ili shemeji yako Hezron akipita kwenye ubao wa matangazo asinitambue.

Unajua kilichompata mwaka jana. Alikuwa wa mbele kila tembo walipoingia, na debe lake na moshi wa pilipili, mpaka yule jike alipomkimbiza akaangukia mtaroni akavunjika mguu. Mguu umepona. Lakini tangu siku ile hajakanyaga mwisho wa shamba. Mtama umeliwa miaka miwili mfululizo, na ameshasema: msimu huu wakila tena, anauza shamba, tunahamia Bunda mjini akawe mlinzi wa ghala. Mimi sitaki kuhama, Jofrey. Nalipenda shamba hili. Ila nikimwambia sasa, atasikia kama nasema "wewe kaa, nitakwenda mimi." Acha nijue kwanza, nitamwambia baadaye.

Wewe unauza vitu hivi, na Krismasi uliongea habari za droni mpaka ugali ukapoa. Nichagulie. Nina laki nne za kuku na michembe ya viazi. Nataka yenye kamera, na isiwe ndogo.

Dada yako,
Nyamburi


Kamunyonge, Musoma
9 Februari 2025

Shikamoo dada,

Nimecheka mpaka bosi akaniuliza kama nimepata mchumba. Halafu nikaisoma tena nikaacha kucheka.

Sasa nisikilize mimi mtaalamu. Dukani kuna za aina tatu. Ya kwanza ndogo kama sahani ya kikombe, haina setilaiti ya kuishikilia hewani, kamera yake ukipiga picha huwezi kutofautisha mbuzi na jiwe, elfu tisini. Ya pili ina kamera nzuri kidogo na inajishikilia yenyewe hewani. Laki tatu na nusu. Ya tatu ni iliyotumika, ya wapiga video za harusi, hiyo tuache ilale kabatini, bei yake ni ndama.

Ushauri wangu ni ile ndogo. Najua umenuna. Lakini dada, ile inayojishikilia inakurushia yenyewe. Ukiachia rimoti inasimama, ukibonyeza kitufe inarudi nyumbani kama njiwa. Utajifunza nini hapo? Ndogo haikusamehi. Upepo ukija, unaipeleka wewe au inakwenda na upepo. Na ikianguka inaanguka na uzito wa andazi, unaiokota unarusha tena. Ile ya laki tatu na nusu ikianguka mara moja, kuku wako wote wamekufa pamoja nayo.

Mdogo wako,
Jofrey


Hunyari
15 Februari 2025

Jofrey,

Nimekuelewa, lakini nunua ile yenye kamera nzuri. Mmoja wa wenzangu ni Benson, mtoto wa mwenye duka la spea za pikipiki. Anafanyia mazoezi droni ya rafiki yake wa video za harusi, naye kila akiirusha watu wanakusanyika kama kuna mkutano. Mimi nisimame mtihanini niseme nimejifunzia kichezeo cha watoto?

Laki tatu na nusu zimo kwenye bahasha, nimeishona kwa uzi. Bernado usimwonyeshe.

Nyamburi


Kamunyonge
24 Februari 2025

Dada,

Ile yenye kamera imeisha. Wamesema mzigo mwingine utaingia mwezi ujao, labda. Kwa kuwa siku hazingoji, nakutumia hii ndogo uanze nayo, na betri nne na mapanga, yaani propela, ya akiba seti tano. Hela nyingine nimekuwekea.

Soma karatasi niliyoandika kabla ya kuwasha. Irushie mbali na watu, mbali na hifadhi, na usiizidishe urefu wa mti.

Jofrey


Hunyari
8 Machi 2025

Jofrey,

Mzigo mpya umeingia au haujaingia? Maana hiki kifaranga ulichonitumia kitaniua.

Siku ya kwanza niliirusha nyuma ya nyumba Hezron alipokwenda mnadani. Ilipanda vizuri, nikafurahi, nikasema kumbe. Ikageuka ikanitazama. Nikataka iende kulia, ikaenda kushoto. Nikakazana kulia, ikakazana kushoto, ikaingia kwenye paa la jiko ikatoboa nyasi ikakaa humo inalia. Nilipanda kwa ngazi ya kuku. Siku ya pili ilinifuata mimi mwenyewe mpaka nikakimbia nikaacha ndala. Seti mbili za mapanga zimekwisha.

Sasa naamka, namaliza kazi, nasema nakwenda kuokota kuni, naenda uwanja wa mpira nyuma ya kanisa. Kuni sipati. Hezron ameniuliza jana kwa nini siku hizi kuni zimekuwa adimu. Nikasema ni jua kali.

Nimekasirika na wewe, lakini niambie nafanyaje ikinigeukia.

Nyamburi


Kamunyonge
14 Machi 2025

Dada mpendwa uliyekasirika,

Mzigo bado.

Ikikutazama, fikiria umekaa ndani yake. Kulia ni kulia kwa aliyekaa ndani, siyo kwako. Ikikushinda, jigeuze wewe, uipe mgongo, uangalie kwa bega, mpaka kichwa kizoee.

Mazoezi ni haya. Weka debe katikati ya uwanja, droni isimame juu yake, usawa wa kichwa chako, uhesabu mpaka sitini. Usiende zoezi lingine kabla hujaweza. Ukiweza, ilete huku na huku juu ya debe bila kupanda wala kushuka. Ukiweza na hiyo, weka vigoda viwili uzunguke kama unaandika nane. Kila siku betri mbili tu. Vidole viguse rimoti kidogo kidogo, usiikamue kama chuchu ya ng'ombe.

Mimi zoezi la debe lilinichukua siku tatu. Wewe jipe wiki mbili.

Jofrey


Butiama
6 Aprili 2025

Jofrey,

Niko kwa mama. Niliaga nakuja kumwona, na kweli nimemwona, ila nimekuja na kifaranga ndani ya kapu la mihogo. Debe nimeliweza. Hesabu ya sitini imefika mia na ishirini. Nane bado inakuwa kama yai, lakini ni yai zuri.

Sasa nikuambie nilichofanya, kabla mama hajakuambia yeye kwa namna yake. Nilitaka kujua kama habari ya nyuki ni kweli. Tembo sina. Na sisi watu wa ng'ombe unatujua, kitu chochote kipya tunakipima kwanza kwa ng'ombe. Jana ilikuwa siku ya josho. Ng'ombe wa nusu ya kijiji wamepanga mstari kwenye kilango wakisubiri kuogeshwa dawa mmoja mmoja. Nikasimama mbali, nikaipandisha, nikaileta taratibu kwa nyuma yao.

Jofrey, mikia ilisimama yote kwa mara moja. Waliotakiwa kuingia majini mmoja mmoja waliingia wanne wanne, mwenye josho akaoga dawa mpaka kofia. Waliokuwa nyuma walitawanyika hadi kwenye mihogo ya watu. Mtu akapiga kelele, "Nyuki! Laleni chini!" na kina mama wote wakajifunika vitenge wakalala kifudifudi. Wanaume walitupa fimbo wakakimbia. Jirani yetu Mama Boke peke yake ndiye aliyebaki amesimama, ameweka mkono usoni, anatazama juu. Akasema, "Nyuki gani huyu anawakaga taa?"

Nilikuwa nimeshikilia rimoti. Hapakuwa na pa kujificha.

Tumetozwa kreti mbili za soda, nami nikaomba radhi kwa mmoja mmoja, na ng'ombe wamepatikana wote. Mama hakunigombeza. Tukiwa njiani kurudi aliniuliza hiki kitu ni cha nini, nikamweleza yote, tembo, Hezron, mtihani. Akatembea kidogo akasema, "Basi kinafanya kazi." Halafu akasema nimwambie mume wangu. Nimesema nitamwambia.

Mapanga yamebaki seti moja.

Nyamburi


Kamunyonge
13 Aprili 2025

Dada,

Mama amenipigia. Alicheka dakika tatu kabla ya kusema neno, nikadhani simu imeharibika.

Umenifurahisha mpaka nimeona aibu, kwa hiyo naungama. Ile yenye kamera haikuisha. Iko hapa mbele yangu rafuni, tena zipo mbili. Nilijua nikikuambia hapana utabishana, na mimi kwako sijawahi kushinda ubishi tangu tuzaliwe. Hela yako yote iliyobaki iko kwenye sanduku langu.

La pili ni baya zaidi. Mimi sijawahi kurusha droni. Ninauza, ninaeleza wateja, ninatazama video usiku na mchana. Yale mazoezi ya debe nimeyatoa kwenye video. Zile siku tatu nilidanganya. Jumapili iliyopita niliomba moja ya dukani nikaenda uwanja wa Buhare nikajaribu hilo debe. Sikufika hata kumi. Iko juu ya paa la mtu, natafuta namna ya kumwambia bosi.

Sasa wewe ndiye mtaalamu. Usinipige ukiniona. Mapanga nitatafuta, hapa yameisha, na safari hii ni kweli yameisha.

Jofrey


Hunyari
26 Aprili 2025

Shemeji Jofrey,

Salamu. Mimi si mtu wa kuandika. Ningekupigia, lakini wewe kwenye simu unapaza sauti na dada yako yuko hapa anachambua maharage. Bernado nilipomuuliza kuhusu barua alikana mara tatu kama Petro, kisha akakubali kubeba hii.

Ninajua habari ya droni tangu Machi. Paa la jiko nililiezeka mimi, tundu lake nalijua. Halafu nikaona kwenye ubao N. Makongoro. Kwa mzee Makongoro nilipeleka ng'ombe kumi na wawili. Jina hilo ninaweza kulisahau?

Nitakwambia kweli. Siku mbili nilikuwa na hasira, nikisema huyu mwanamke ananifanya mimi mzee. Siku ya tatu nikaona haya. Shemeji, mimi ninawaogopa tembo. Sijamwambia mtu yeyote, hata yeye. Ninaamka nikitaka kwenda mwisho wa shamba, nikifika kwenye kichuguu miguu inakataa. Watu wanadhani ni ule mguu uliovunjika. Miguu yote miwili inakataa.

Kwa hiyo huwa namfuata uwanjani. Nakaa kwenye kona ya ukuta wa kanisa, hanioni. Anaweka debe, anasimamisha kile kidude juu yake, upepo unakivuta naye anakirudisha, unakivuta anakirudisha. Sijawahi kumwona amekaza uso hivyo, hata siku ya harusi. Namwonea fahari ambayo siwezi kuieleza.

Alhamisi kilianguka kwenye jiwe, mapanga ya mwisho yakavunjika. Akakaa chini akalia. Nilinyanyuka niende. Nikakumbuka kwamba siri ni yake, akitaka kunipa atanipa mwenyewe. Nikarudi nyumbani kabla yake nikaokota kuni njiani, nikaziweka jikoni. Hakuniuliza zimetoka wapi.

Sasa tafuta hayo mapanga, hata Mwanza. Hela nimeiweka humu. Mwambie yametoka dukani tu. Zimebaki wiki tatu.

Hezron


Kamunyonge
1 Mei 2025

Shemeji Hezron,

Shikamoo. Yamepatikana Mwanza, seti sita, yametangulia kwenye bahasha ya dada. Nimemwandikia kwamba ni ofa ya duka kwa wateja wa zamani. Mungu anisamehe, familia hii imenifanya mwongo wa kudumu.

Barua yako nimeisoma peke yangu. Sitamwonyesha mtu. Ila, shemeji, mwambie wewe.

Jofrey


Hunyari
18 Mei 2025

Jofrey, mwongo wa kudumu,

Nimepita.

Nakueleza polepole. Tulikuwa tisa kutoka vijiji vitatu. Mkufunzi anaitwa Boniphace, kijana mpole, haongei sana. Asubuhi tulirusha ile kubwa, na dada yako nikawa wa mwisho. Jofrey, ile droni inajua kila kitu! Benson aliichezesha mpaka watu wakapiga makofi. Mimi niliishika kama yai la mtu. Kwenye maswali ya ramani nilipata mawili kati ya sita. Saa sita nilikuwa nimeshajitayarisha moyoni kurudi nyumbani.

Baada ya chakula Boniphace akasema, "Porini kuna siku setilaiti hazishiki. Nazima msaada wote. Isimamisheni juu ya lile pipa dakika mbili." Na upepo wa mchana umeshaanza kuvuta vumbi. Aliyetangulia ilimtoroka mpaka barabarani. Benson akabonyeza kitufe cha kurudi nyumbani, akabonyeza tena, akabonyeza tena. Boniphace akamnyang'anya rimoti, droni ikiwa tayari juu ya mihogo ya watu.

Nikaitwa. Nilipoachiwa tu ikaanza kuondoka, na vidole vyangu vikairudisha kabla sijafikiri. Ikavutwa, nikairudisha. Kubwa ni nzito, inatii kuliko kifaranga, niliona kama nimepewa mtoto aliyelelewa. Nilikuwa nasubiri aseme dakika mbili zimeisha. Hakusema. Baadaye ndiyo nikajua nimekaa nne, alisahau kutazama saa. Akaniuliza, "Mama, umejifunzia droni gani?" Nikasema ya elfu tisini. Nikadhani watacheka. Akaandika kwenye daftari lake.

Wamenichukua mimi kurusha, na Benson kunisomea ramani na skrini. Alinuna kidogo, halafu akaniomba nimfundishe zoezi la pipa.

Sasa sikiliza. Nimegeuka natafuta maji, namwona Hezron kwenye ukuta wa uwanja, amevaa shati lake la kanisani. Nikamuuliza nani amekuambia. Akasema, "Paa langu." Tukarudi nyumbani kwa pikipiki moja, na tulipofika tukaongea mpaka chakula kikaungua. Ameniambia habari ya kichuguu. Ameniambia na habari ya mapanga. Ofa ya duka, Jofrey!

Nilikuwa namficha ili nisimwumize, naye alikuwa ananificha ili asinizuie, tumekaa miezi miwili kila mtu anamhurumia mwenzake kwa mlango wa nyuma. Nimelia na nimecheka. Hela iliyobaki mlipie bosi wako ile iliyokaa juu ya paa.

Dada yako,
Nyamburi


Hunyari
9 Juni 2025

Mdogo wangu,

Walikuja Jumamosi saa kumi jioni. Kumi na mmoja, na watoto wawili. Benson aliwaona kwanza kwenye skrini, wakiwa bado kwenye miti ng'ambo ya korongo, wanaelekea kwetu kabisa, kwenye mtama ulioanza kuwa mwekundu.

Nilisimama kwenye kichuguu. Nikaipandisha juu sana kwanza, nikaizungusha kwa upande wa shamba ili mlio utoke kwetu uende kwao, kama tulivyofundishwa, usiwakate njia ya kurudi. Nikaishusha kidogo. Yule jike mkubwa alisimama. Akainua mkonga, masikio yakafunguka. Nikasogeza mbele mita chache, nikangoja, nikasogeza. Akawakusanya watoto katikati, akageuka. Wote wakageuka. Hawakukimbia hata, walitembea haraka kama watu waliosikia mvua inakuja. Niliwasindikiza mpaka ng'ambo, nikairudisha, nikaitua, halafu nikakaa chini.

Watu walikuja kunipa mkono. Mwenyekiti wetu, mzee Magesa, akaanza hotuba. Nikamtafuta Hezron, sikumwona. Nikatazama upande wa chini wa shamba, namwona anakwenda. Alikuwa ameshapita kichuguu, ametoka ubavuni mwangu wala sikujua. Anatembea polepole katikati ya mtama, fimbo mkononi, peke yake, mpaka mwisho, mpaka kwenye mpaka wenyewe. Akainama akaangalia nyayo. Akaufuata mpaka huo wote, kona hadi kona. Benson alitaka kumfuata, nikamshika shati.

Aliporudi uso ulikuwa umelowa, hakuufuta. Akasema mbele ya watu wote, "Wameishia nje. Ndani hakuna hata unyayo." Kisha akanisogelea mimi, kwa sauti ya chini, akasema, "Tutavuna, Nyamburi." Mwaka mzima sijamsikia akitamka neno hilo.

Habari za kuhamia Bunda hazijatajwa tena. Njoo mwezi wa saba, na mama mpitie Butiama. Uje na magunia, tuliyonayo hayatatosha.

Dada yako,
Nyamburi